Chaja ya Mkwe

Asubuhi hiyo mpeleka mikate alipoinama kuchomoa chaja ya baiskeli yake ya umeme, taa ilikuwa ya kijani, naye akajua betri imejaa. Akaitia betri mahali pake chini ya kiti, akageuza ufunguo, baiskeli ikakaa kimya kama punda aliyegoma. Akageuza tena. Kwenye kioo kidogo cha usukani kikatokea kijistari kimoja chembamba, kikakonyeza, kikazimika.

Akairudisha betri ndani, akaiweka mezani, akachomeka chaja upya. Siku zote taa ilianza na nyekundu, ikakaa hivyo mpaka betri ishibe, ndipo ikageuka kijani. Leo ilikuwa ya kijani papo hapo, kama mtoto anayedai ameshiba kabla hajaonja tonge. Akahamia tundu jingine la umeme. Kijani. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na cherehani yake ilikaa katika chumba hichohicho, akachomeka pasi yake palepale ili waone kama umeme upo. Pasi ikapata moto. Mpeleka mikate akakipuliza kichwa cha waya wa chaja, akakifuta kwa ncha ya shati, akakisukuma kwenye betri kwa dole gumba na kukishikilia. Kijani.

Wakati huo baba mkwe wake alikuwa ameamka zamani na amekaa kitandani nyuma ya pazia, akisikiliza. Kila alikopata kuishi watu walimwita Mzee Redio, kwa kazi ya kutengeneza redio aliyoifanya maisha yake yote. Alikuja kwa binti yake kutembea tu baada ya mkewe kufariki, na ile ziara ikawa haina mwisho, wala hakuna aliyeitaja. Alikuwa anakula kidogo na kusifia sana chakula. Alifagia mlangoni kabla wenzake hawajaamka. Mkwe wake alipoingia chumbani, mzee aliinuka haraka kwenye kile kiti kizuri, na mkwe naye akawa hataki kukikalia, basi kiti kikabaki kitupu huku wanaume wawili wamekaa kwenye vigoda.

Pazia likasogea. Mzee alikuwa amekwisha kuvaa miwani yake, ile iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Niachie hiyo chaja, baba," alimwambia mkwe wake. "Ukirudi utaikuta inafanya kazi."

Mpeleka mikate alitaka kuipeleka kwa fundi wa baiskeli za umeme karibu na soko. Lakini kuna watu unaoweza kuwakatalia na kuna baba wa mke wako. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama pasi. Akasema sawa, ila mzee asijisumbue sana. Katika kukataa, huko ndiko mbali kabisa ulimi wake ulikoweza kufika. Mzee akasikia lile neno la kwanza tu.

*

Baiskeli ya umeme isiyo na umeme ni nzito kuliko baiskeli yoyote. Mpeleka mikate aliipiga pedali mpaka bekari, akapakia kreti zake kama kawaida, na alipofika mlima wa kwanza akateremka kuisukuma. Wenzake wakampita wakipiga kengele. Mmoja alimwuliza kama siku hizi mikate inapelekwa kwa mwendo wa mazishi.

Maduka ya chai hayakumsubiri. Kwenye la kwanza mwenye duka alikuwa ameshanunua kwingine. Alichukua mikate michache kwa kumhurumia, na kuhurumiwa huko kukamwuma zaidi ya kukataliwa. Shuleni alifika kengele imekwisha kulia. Mpishi wa shule alisimama na mikono kiunoni akaziangalia zile kreti, kisha akamwangalia yeye, shati limegandana na mgongo.

"Watoto wameshaingia darasani bila kitu tumboni," alisema. "Hii sasa nizilishe kuta?"

Mpeleka mikate alipakua hata hivyo, kwa kuwa mikate ya shule ilikuwa na muhuri wa shule na hakuna mahali pengine pa kuipeleka.

Msimamizi wa bekari hakugomba. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa unatisha. Alisema anaelewa, vyombo ni vyombo, vinaharibika. Ila mpishi wa shule amepiga simu. Kwa hiyo njia ya shule itashikwa na mwingine mpaka hapo baiskeli itakapopona. Mpeleka mikate akaitikia ndiyo. Aliikumbuka sauti hiyohiyo ikimwambia mwenzao mwingine apumzike kidogo mpaka mguu upone. Mguu ulikuwa umepona siku nyingi, na mwenye mguu alikuwa bado anapumzika.

*

Nyumbani, mzee alikuwa ameomba nusu ya meza ya kushonea. Alitandika gazeti, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa, akatoa pasi ya kulehemu na mita yake ya mshale. Binti yake alimwona akifanya hivyo na moyo wake ukalainika, maana hakuwa amemwona akishika vyombo vile tangu msiba. Akaacha gauni la mteja, akashika tochi, kama alivyomshikia dukani kwake alipokuwa msichana mdogo.

Mzee alianza kama fundi yeyote anavyoanza. Akaichomeka chaja ukutani, akagusisha ncha za mita kwenye mdomo wa waya wake, kutazama kama inatoa umeme. Mshale haukutikisika. Akarudia. Sufuri. Maishani mwake kifaa cha kutoa umeme kilichochomekwa ukutani ama kilitoa, ama kilikuwa kibovu, na hapakuwa na cha tatu.

"Umeona?" alimwambia binti yake. "Inawaka taa lakini ndani hakuna kitu."

Basi akaifungua. Ndani kulikuwa na vitu vidogo vimebanana kama watu kwenye foleni, na macho ya mzee hayakuwa yale ya zamani. Akasogeza tochi, akasogeza miwani. Mwisho akanyoosha kidole kwenye kapasita moja, kijipipa cha kutunza umeme, akasema hiyo imevimba kichwa, ndiyo mwizi. Binti yake akainama akatazama. Hakuona uvimbe wowote. Lakini mzee alikuwa anazungumza kwa ile sauti yake ya dukani, na yeye alikuwa ameikosa sauti hiyo, akanyamaza.

Mzee akatafuta ya kufanana nayo kwenye kopo lake, akaitoa ile ya kwanza, akaipachika hii. Mkono ulimtetemeka. Alishika kifundo kwa mkono wa pili, ukatulia kidogo, lakini tone la lehemu lilikuwa limekwisha kuanguka mahali ambapo yeye wala binti yake hawakupaona. Akaichomeka ukutani.

Ilipasuka kama chupa. Moshi ukapanda, na umeme wa nyumba nzima ukakatika. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kinyozi ikanyamaza, na baada ya kitambo kidogo mteja wake akasimama mlangoni kwa mshonaji na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akiuliza kwa adabu kama umeme utarudi leo. Nyuma yake wakaja wapangaji wengine, na nyuma ya wote mama mwenye nyumba.

Mzee alieleza kwamba chaja ilikuwa imeshakufa, naye alikuwa anaijaribu. Mama mwenye nyumba alimgeukia binti, akasema naye kana kwamba mzee ni kabati lililoachwa pale. Alisema yeye alipangisha mume na mke, hakupangisha karakana. Mtu anayetaka kuchezea umeme akauchezee huko alikotoka. Kisha akaenda kurudisha swichi kubwa, na cherehani, pasi na mashine ya kinyozi vikaamka kwa pamoja.

Mzee alipanga bisibisi zake kwa ukubwa, akazirudisha sandukuni moja moja.

*

Mshonaji alimngoja mumewe nje ya mlango jua lilipokuwa linaelekea kuzama. Alimpokea kreti tupu, akamwambia kwa sauti ya chini asimwulize mzee kitu. Mpeleka mikate akavuta hewa, akasikia ile harufu, akaelewa. Alikuwa na maneno ya siku nzima kooni. Akayameza, akaingia.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama ukuta. Alisema, bila kugeuka, kwamba amejitahidi ila chaja ilikuwa imeshapita, mita ilisoma sufuri, kapasita ilikuwa imevimba na sehemu nyingine zilikuwa zimeoza. Hata angekuwa nani asingeifufua. Mpeleka mikate akasema asante kwa kujaribu, baba. Kisha akaenda kuoga, akakaa bafuni mpaka mtu wa nje akagonga.

Kesho yake alimaliza njia yake fupi kwa miguu na jasho, akaifunga betri kwenye mkoba pamoja na ile chaja iliyoungua, akaenda kwa fundi wa baiskeli za umeme. Lilikuwa banda la mabati lenye meza ndefu, na kwenye benchi walikaa wateja watatu au wanne wakingoja vyao na kusikiliza vya wenzao. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye uso wa kuchoka. Hakuuliza mengi. Alichukua chaja yake mwenyewe, nzima, akaichomeka kwenye ile betri. Taa ikawaka kijani.

Fundi akaguna. Akafungua kifuniko kidogo kwenye betri, pale panapoingia waya wa chaja, akaingiza bisibisi, akautoa nje ule mdomo wa kuchajia. Nyuma yake waya mmoja ulikuwa umeachia, ncha yake imekuwa nyeusi. Mitikisiko ya barabara, alisema. Chaja haiioni betri, kwa hiyo inadhani haina kazi, inawaka kijani. Aliukata ule weusi, akaulehemu waya mahali pake, akachomeka tena. Nyekundu.

Ilikuwa kazi ndogo kiasi kwamba mpeleka mikate aliona aibu kufurahi. Akaitoa chaja yake mkobani. Fundi akaitikisa sikioni, akafungua skrubu, akaangalia ndani, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaamka.

"Nani aliifungua hii?"

Mpeleka mikate aliwatazama wale wa kwenye benchi. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Mimi," alisema.

"Na kwa nini ulitoa kapasita nzima?"

"Niliipima mdomoni, nikaona haitoi kitu."

"Haitoi kitu kwa kuwa haijahisi betri. Hizi si kama vyombo vya zamani. Hata mpya kutoka dukani, ukiipima peke yake utapata sufuri." Fundi akaigeuzageuza ile chaja chini ya taa ili wa kwenye benchi nao waone. "Bwana, umemzika mzima, mgonjwa umemwacha kitandani."

Benchi likacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliokaa muda mrefu bila kitu cha kuchekea. Mmoja akauliza kama anaweza kumpa na redio yake akaizike. Mpeleka mikate naye akacheka, ili kisiishe vibaya, huku masikio yakimwaka moto. Fundi akaitupa ile chaja kwenye sanduku la kona lililojaa nyingine za namna hiyo, akamtajia bei ya mpya.

*

Mshonaji alikuwa anaweka akiba ya kununua mota ya cherehani yake, ili apumzishe magoti. Alizitoa zile hela mwenyewe kabla hajaombwa, na mpeleka mikate akarudi bandani akanunua chaja. Jioni hiyo, mzee alipokuwa amekwenda kuota jua la mwisho uani, akamweleza mkewe yote.

Mkewe aliweka mguu juu ya kanyagio la cherehani bila kulikanyaga. Kisha akasema mzee asiambiwe.

"Amebakiwa na nini?" alisema. "Mama hayupo, duka halipo, macho yanakwenda. Kitu alichobaki nacho ni kwamba yeye ni fundi. Ukimwondolea hicho, utakuwa umemtoa nini kingine, roho?"

Mpeleka mikate alisema hana nia ya kumwondolea mtu kitu. Alisema amechekwa bandani kwa ajili yake na hakufungua mdomo. Anachouliza ni kimoja tu, je, hiyo ni heshima au ni woga. Mkewe akajibu kwamba kwa mkwe vitu hivyo viwili vinavaa nguo moja. Wakakubaliana kunyamaza. Wakamwambia mzee kwamba fundi amerekebisha waya kidogo kwenye betri, na chaja, naam, ilikuwa imekufa, ndivyo alivyosema hata fundi.

Mzee aliyapokea maneno hayo kama mgonjwa anavyopokea uji. Siku iliyofuata alikaa kwenye kile kiti kizuri na mkwe wake alipoingia hakuinuka. Alisimulia mezani jinsi alivyoijua ile kapasita kwa kuitazama tu. Uani alimsimulia kinyozi, akamsimulia na muuza mayai, mama mmoja mjane aliyekaa chumba cha mwisho na ambaye naye alikuwa anasambaza trei zake kwa baiskeli ya umeme. Alimwambia chaja ya mkwe wake ilikuwa maiti, na fundi wa mjini alipoiangalia alikubali kwamba Mzee Redio alisema kweli. Mshonaji alikuwa anaanika nguo. Aliyasikia, akaendelea kuanika.

*

Kazini mambo hayakurudi yalipokuwa. Baiskeli ilikuwa inapanda milima kama mwanzo, lakini njia ya shule ilibaki kwa yule mwingine, na msimamizi alisema ataangalia mwezi ujao. Mpeleka mikate alikuwa akimaliza mapema kuliko alivyotaka. Ndivyo alivyorudi nyumbani mchana mmoja akamkuta mkewe mlangoni, mkasi mkononi, uso umemshuka.

"Muuza mayai ameleta chaja yake," alisema. "Taa inawaka kijani."

"Na wewe umemwambia nini baba yako?"

"Nimeanza mara mbili. Sikuweza."

Ndani, gazeti lilikuwa limetandikwa. Mzee alikuwa ameinama juu ya chaja ya muuza mayai, mita kando yake, mshale umelala sufuri. Skrubu moja ilikuwa imekwisha kutoka na nyingine ilikuwa njiani. Alikuwa anaimba kwa puani. Alimwambia mkwe wake kwamba ni ugonjwa uleule, na safari hii amemwomba binti yake amwazimie tochi yenye mwanga zaidi.

Mpeleka mikate alisimama akiutazama ule mkono unaotetemeka ukitafuta kichwa cha skrubu. Alimfikiria muuza mayai, ambaye hakuwa na mtu wa kumtolea hela za mota. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mzee, magoti yao karibu yagusane.

"Baba," alisema. "Usiifungue hiyo."

Bisibisi ikasimama. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia mzee neno lenye *usi* ndani yake.

"Ile yetu ilikuwa nzima," mpeleka mikate akaendelea, kwa kuwa akinyamaza hapo asingeweza tena. "Mbovu ilikuwa betri, waya wake uliachia. Fundi hakusema chaja ilikuwa imekufa. Sisi ndio tuliosema. Tulikudanganya, baba, utusamehe."

Mzee alimtazama binti yake mlangoni. Binti yake alikuwa analia kimyakimya bila kuufunika uso, na kwa mzee hilo lilitosha kuwa ushahidi. Lakini alikuwa fundi, na fundi hakubali kwa machozi.

"Mita ilisema sufuri," alisema.

Mpeleka mikate akaenda akaichukua chaja yao mpya, akaichomeka ukutani, akaiweka mbele ya mzee pamoja na mita. Mzee akaishika mita, akagusisha ncha mdomoni mwa chaja. Sufuri. Akarudia. Sufuri. Kisha mpeleka mikate akaleta betri, akaichomekea. Taa ikaruka nyekundu, na ndani ya chaja kifeni kidogo kikaanza kunguruma.

Mzee aliitazama ile taa kwa muda. Akaivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Kwa hiyo mita haikudanganya," alisema mwishowe. "Niliiuliza swali lisilo lake."

Alichukua ile skrubu iliyotoka, akairudisha kwenye chaja ya muuza mayai, akaikaza polepole, mara mbili bisibisi ikimteleza, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia. Alipomaliza akauliza kitu ambacho mkwe wake hakukitarajia. Akauliza kule kwa fundi yeye mkwe alisema ni nani aliyeifungua.

"Nilisema ni mimi."

"Wakakucheka?"

"Kidogo."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu kitu na hesabu imekuja vile alivyoogopa. Aliinuka, akaichukua chaja chini ya kwapa, akatoka kwenda chumba cha mwisho. Mshonaji alitaka kumfuata, mumewe akamshika mkono. Kutoka mlangoni walimsikia akimwambia muuza mayai kwamba asimpe kazi hii, kwa kuwa aliua chaja ya mkwe wake iliyokuwa nzima na hataki kuua na ya jirani. Kinyozi alikuwa uani, akasikia. Mama mwenye nyumba alikuwa dirishani, naye akasikia. Muuza mayai alisema mbona si kitu, mzee wangu, kila mtu hukosea. Mzee akasema amwachie chaja hiyo mpaka kesho, ataipeleka kwa fundi yeye mwenyewe.

*

Walikwenda asubuhi, mzee amekaa nyuma mahali pa kreti moja, kreti nyingine zimefungwa mbele. Mpeleka mikate alikuwa amemwambia hakuna haja, mambo yamekwisha pita. Mzee alijibu kwamba yamempita yeye mkwe, hayajampita yeye mzee.

Bandani palikuwa na watu, lakini si wale wa siku ile. Mzee alivua kofia, akasimama mbele ya meza.

"Fundi, nimekuja kwa ajili ya ile chaja ya mkwe wangu. Aliyeifungua si yeye, ni mimi."

Fundi aliinua macho. "Chaja ipi, mzee?"

"Iliyotolewa kapasita nzima."

Fundi alimtazama mpeleka mikate akijaribu kukumbuka, akakosa. Akaonyesha kwa bisibisi lile sanduku la kona, limejaa mpaka juu. Alisema, bila ubaya, kwamba zote hizo kuna mtu alizifungua.

Mpeleka mikate aliona hapo ndipo pa kuondokea. Mikate ya maduka ya chai ilikuwa inapoa, na msimamizi hakuwa na haja ya sababu nyingine ya kumpumzisha. Lakini mzee alikuwa amevuta pumzi, akaanza hadithi upya tangu mwanzo, kwa mpangilio, kama fundi anayemweleza fundi mwenzake: taa ya kijani, mita, mshale, kapasita, mkono uliotetemeka, mlipuko. Watu wa kwenye benchi wakageuka. Alipofika kwa mteja wa kinyozi na nusu kichwa chake, wakacheka. Mzee akangoja kicheko kiishe, akaendelea. Mpeleka mikate akaisimamisha baiskeli kwa stendi yake, akaja akasimama ubavuni mwa baba mkwe wake mpaka akamaliza.

"Huyu alisema ni yeye," mzee alihitimisha. "Nimekuja kumtoa hapo."

Fundi alisema sawa, mzee, nimesikia. Kisha, kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, akaivuta ile chaja ya muuza mayai waliyokuja nayo, akaichomekea betri nzima iliyokuwa mezani. Taa ikabaki kijani. Akabadilisha waya, akajaribu betri nyingine, akaifungua, akachungulia.

"Hii kweli imekufa," alisema.

"Umejuaje?" mzee akauliza.

Fundi alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Hakuona dhihaka. Kulikuwa na wateja wengine, na mmoja alikuwa ameanza kukohoa kwa makusudi, lakini fundi aliisogeza taa ya mezani, akaigeuza chaja upande wa mzee. Mzee akafunga vizuri uzi wa miwani, akainama. Mpeleka mikate alimwambia kwamba atampitia akirudi na kreti tupu. Mzee hakugeuka. Alimpungia mkono tu, kumwambia aende, mikate inapoa.